Alipokuja Kutetea Kiti: Wangari Maathai na Wapiga Kura wa Tetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi)



Tumeombwa kusema neno juu ya mbunge anayerudi kwa wananchi kuomba kipindi cha pili. Anayegombea kwa mara ya kwanza huja na ahadi peke yake, na ahadi haina uzito wa kupimika. Lakini anayekuja kutetea kiti huja na mizigo miwili: historia yake ya zamani, na ile miaka mitano aliyokuwa kazini tukimwona au tukimkosa. Mzigo wa kwanza husimuliwa vizuri jukwaani, nasi twaupigia makofi. Wa pili hubaki umefungwa kamba, na mara nyingi hakuna anayeufungua hadi kura zihesabiwe.

Ingekuwa rahisi kwetu kuchukua mfano wa mbunge mlafi aliyejenga jumba na kuiacha shule ya kijiji chake bila paa. Mfano huo hautufundishi kitu, kwa kuwa jibu lake twalijua kabla ya swali. Tumechagua mfano mgumu. Tunamzungumzia marehemu Profesa Wangari Maathai, ambaye historia yake hakuna mpenda haki anayeweza kuibeza, na ambaye mnamo Desemba 2007 aliwaendea wananchi wa Tetu kutetea kiti chake akanyimwa. Wako waliowatukana watu wa Tetu kwa ajili hiyo, wakisema kwamba nabii hakubaliwi kwao. Wako pia waliosema kwamba tuzo haijengi barabara. Maneno yote mawili yalisemwa kwa haraka mno, na tunaomba tuyachunguze polepole.

Tuanze na historia. Wangari alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, penye miteremko ya Nyandarua. Utoto wake ulikuwa wa kuteka maji, kutafuta kuni na kulima pamoja na mama yake. Alisomeshwa na watawa wa Kikatoliki, kwanza Mathari, kisha Loreto Limuru, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kwa ndege kwenda kusoma. Alirudi na shahada mbili za sayansi, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari jijini Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kufikia hapo. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama, kazi ambayo ulimwengu uliijua baadaye kama Green Belt Movement.

Haya mnayajua. Yafaa tuseme zaidi juu ya yale ambayo wapambe wa kampeni huyapitia upesi. Mwaka 1982 Wangari alijiuzulu kazi yake ya Chuo Kikuu ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo huko Nyeri. Akazuiwa kwa hoja ya usajili wake wa kupiga kura. Alipotaka kurudi chuoni, aliambiwa kwamba nafasi yake imekwisha kupewa mwingine, na hata nyumba ya chuo aliyokuwa akiishi akatakiwa kuihama. Kwa hiyo, miaka 20 kabla ya kuingia Bungeni, kiti hicho kilikuwa kimekwisha kumgharimu mshahara na makao. Mgombea anapowaambia kwamba amejitolea kwa ajili yenu, muulizeni swali hili moja: kujitolea huko kulimpunguzia nini?

Mwaka 1989 alisimama peke yake, au karibu na peke yake, dhidi ya jengo la orofa 60 ambalo wakubwa walitaka kulisimamisha ndani ya bustani ya Uhuru. Wabunge walimsimanga ndani ya Bunge lenyewe, wakamcheka kwa kuwa aliachana na mumewe, na hakuna aliyewazuia. Jengo halikujengwa. Ndipo ukaja mwaka 1992. Mwishoni mwa Februari, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi pembeni mwa bustani hiyo hiyo, wakagoma kula wakidai watoto wao waachiliwe, naye akaketi nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Wangari alipigwa hadi akazimia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya polisi, laana ambayo kila aliyelelewa katika ardhi hii anaifahamu. Kesho yake walikuwa katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na humo, katika chumba cha chini ya kanisa, wakaishi kwa karibu mwaka mzima, hadi mapema mwaka 1993 walipoachiliwa wafungwa walio wengi.

Tunaitaja habari hii mbele ya waumini kwa sababu maalumu. Wengi hukumbuka kwamba Kanisa liliwafungulia mlango akina mama wale. Wachache hukumbuka kwamba mlango huo ulikaa wazi muda mrefu hivyo, katika siku ambazo askari walikuwa nje, na kwamba waumini waliokuja kusali Jumapili walisali juu ya vichwa vya akina mama wenye njaa.

Mwaka 1997 aligombea urais pamoja na ubunge wa Tetu, maana Katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge. Siku ya kura ulisambazwa uvumi wa uongo kwamba amejiondoa. Alipata kura chache sana. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Desemba 2002, watu hao hao wa Tetu walimchagua kwa asilimia 98.

Hapa ndipo tunapoomba tusimame kidogo. Mwanamke ni yule yule, wapiga kura ni wale wale, na historia yake ya kupigwa na kufungwa ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya 1997. Kilichobadilika ni chama. Mwaka 2002 alisimama kwa tikiti ya NARC, na huko Nyeri NARC ilikuwa ndicho chama cha Mwai Kibaki, jirani wa Othaya, aliyekuwa akielekea Ikulu. Wimbi lilikuja na kila aliyekuwa ndani ya jahazi alifika pwani. Hatusemi hili kumpunguzia heshima. Tunasema kwamba asilimia 98 haikuwa mkataba. Katika kura nyingi namna hiyo hakuna mahali palipoandikwa kwamba tumekutuma barabara, au maji, au msitu. Palikuwa na furaha, na furaha ile tuliishiriki nchi nzima, lakini mtu hawezi kuirudia furaha baada ya miaka mitano akaisoma aone alitumwa nini.

Sasa tuitazame Tetu yenyewe. Ni eneo la mabonde na matuta chini ya msitu wa Nyandarua. Wakulima wa juu hulima majani chai, wa chini hulima kahawa, na karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa. Mkulima wa chai hamuulizi mbunge wake habari za Oslo kwanza. Anamwuliza habari ya barabara, kwa maana majani yaliyochumwa asubuhi yasipofika kiwandani kwa wakati yanaharibika, na mvua ikinyesha lori hukwama matopeni na kazi ya siku nzima ikamwagwa. Mkulima wa kahawa anauliza kwa nini malipo huchelewa na hupunguzwa njiani. Mama anauliza juu ya karo ya sekondari, na kijana anauliza juu ya shamba, kwa sababu shamba la babu limegawanywa mara nyingi hata limekuwa ukanda.

Kisha kuna maji. Nyandarua ni mojawapo ya minara mitano mikuu ya maji ya nchi hii. Mito yake huteremka kuungana na Tana, hulisha mabwawa ya umeme, na Nairobi hunywa kutoka miteremko hiyo. Hata hivyo, anayeishi juu ya tuta huusikia mto bondeni na bado akabeba mtungi. Mbunge aliyeyajua haya tangu utotoni alisema: tuulinde msitu, la sivyo mto wenyewe utakoma. Alikuwa na haki kabisa. Mwenye mtungi alisema: niletee bomba. Naye alikuwa na haki kabisa. Maji ni yale yale, lakini moja ni kazi ya miaka 30 na jingine ni kazi ya mwaka mmoja, na uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka mitano.

Lilikuwapo jambo chungu zaidi. Akiwa Waziri Msaidizi wa Mazingira tangu Januari 2003, Profesa alipinga waziwazi ukulima ndani ya misitu ya serikali, ule mpango uliojulikana kama mfumo wa shamba, ambao mkulima hulima katikati ya miche ya miti hadi miti ikue. Aliona kwamba mpango huo unaigeuza misitu ya asili kuwa mashamba, na anayetazama Nyandarua ilivyoliwa katika miaka ya 1990 hawezi kumkatalia. Lakini kwa jamaa asiye na ardhi anayeishi kando ya msitu, kipande kile cha viazi kilikuwa chakula cha watoto. Mbunge anayemwambia mpiga kura wake jambo asilotaka kulisikia, tena jambo la kweli, ni mbunge wa namna adimu. Sisi twamheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo. Ila hatuwezi kujidai kwamba gharama ya ukweli ule iligawanywa sawasawa kati ya anayekunywa maji Nairobi na anayelala njaa kando ya msitu.

Mwaka huo huo wa 2003 ilipitishwa sheria ambayo imebadilisha ubunge wa Kenya kuliko nyingine yoyote, nayo ni sheria ya hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, tunayoiita CDF. Ilitokana na mswada wa Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou, na iliagiza asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali iende moja kwa moja katika maeneo bunge, robo tatu zikigawanywa sawa na robo moja kwa kipimo cha umaskini. Mwaka wa kwanza kila eneo kati ya yale 210 lilipata shilingi milioni 6. Hazina hiyo ilifanya mema ambayo mnaweza kuyagusa kwa mkono. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure Januari 2003, madarasa yakafurika, na vyumba vingi vilivyojengwa miaka ile vilijengwa kwa fedha hizo.

Lakini sheria ile ilimpa mbunge mamlaka ya kuiunda kamati ya kuzigawa. Kuanzia siku hiyo mbunge akawa mtunga sheria, mkaguzi wa serikali, na mwenye mfuko, vyote kwa pamoja. Mwananchi, ambaye si mjinga, alitambua upesi ni kazi ipi kati ya hizo tatu inayofika mlangoni pake. Mbunge akaanza kupimwa kwa mabati. Mwaka 2004, Oktoba 8, Wangari alikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda kwao Tetu alipopigiwa simu kuambiwa kwamba amepewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alipanda mti hapo hapo Nyeri. Tangu hapo ulimwengu ulimwita kila mahali, naye akaitika, na lawama iliyosemwa juu yake nyumbani ilikuwa kwamba haonekani. Waliosema hivyo hawakuwa na husuda wote. Mbunge ana mwili mmoja, na aliye Tokyo hayuko Ihithe.

Ndipo ukaja uchaguzi wa 2007. NARC ilikuwa imevunjika, na Rais Kibaki alitetea kiti chake kwa chama kipya cha PNU. Katika Nyeri, tikiti ya PNU ilikuwa nusu ya kiti. Wangari alishindwa katika mchujo wa chama hicho, akasimama kwa tikiti ya chama kidogo cha Mazingira, na tarehe 27 Desemba akaangushwa. Hakuanguka peke yake: Makamu wa Rais Moody Awori alipoteza kiti cha Funyula siku hiyo hiyo. Kisha nchi ikaingia katika mauaji yaliyowala watu zaidi ya 1,100, na Wangari, asiye na kiti wala wadhifa, alikuwa kati ya waliotaka kura za urais zihesabiwe upya, jambo ambalo halikuwapendeza wengi katika eneo alilotoka. Alifariki Septemba 25, 2011.

Je, watu wa Tetu walikosea? Sisi twaona kwamba swali hilo limewekwa vibaya. Wimbi la chama lililompandisha kwa asilimia 98 ndilo lililomshusha alipokuwa nje ya jahazi. Katika nyakati zote mbili ile miaka mitano ya kazi ilikuwa shahidi asiyeitwa kizimbani. Hansard yake haikusomwa sokoni. Hesabu za hazina hazikubandikwa kanisani. Kipimo kilikuwa ni nani yuko na nani kule juu.

Hata hivyo, tusisahau uwezo wa kumnyima mtu kiti ulipatikanaje. Mwaka 1988 wananchi walipangwa foleni mchana kweupe nyuma ya wagombea au mawakala wao, katika ule mlolongo wa KANU, na aliyepata asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa bila kura ya siri. Palikuwa na foleni fupi zilizotangazwa kuwa ndefu. Maaskofu Okullu, Muge na Gitari, pamoja na Mchungaji Timothy Njoya, walilikemea jambo hilo, wakaitwa wasaliti. Kifungu cha 2A kilichotufungia katika chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Kwa hiyo mkulima wa Tetu aliyeingia kibandani mwaka 2007 na kumnyima kura mshindi wa Nobel, bila ya chifu kumtazama, alikuwa akitumia haki ambayo Wangari mwenyewe alipigwa rungu akiitafuta. Haikosi kuchoma moyo, lakini ndivyo ilivyo.

Tugeukie sasa wale watakaotujia sisi. Katiba ya 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti ya kila mwaka wa tano, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ameshtukizwa. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 95, inasema kazi ya Bunge la Taifa ni kuwawakilisha watu, kutunga sheria, kugawa mapato na kuichunguza serikali. Zahanati, maji ya kijijini, kilimo na shule za chekechea vimekabidhiwa serikali za kaunti. Mbunge akiwaahidi zahanati, ama hajui kazi yake ama anatumaini ninyi hamuijui. Na ile hazina imekuwa mahakamani miaka mingi: sheria yake ya 2013 ilitanguliwa na Mahakama Kuu mwaka 2015, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi kama huo Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hata sheria ya 2015 iliyochukua nafasi yake inakwenda kinyume cha Katiba. Sababu kubwa ni ile ile tuliyoieleza: anayepaswa kukagua fedha hapaswi kuwa ndiye anayezigawa.

Basi mheshimiwa akija, mwacheni asimulie historia yake, na kama alifungwa kwa ajili ya haki msimameni mumpe heshima. Baada ya hapo mwambieni aketi, mumwulize alipigia kura mswada gani wa fedha na kwa nini. Aliuliza maswali mangapi juu ya chai, kahawa, miwa au samaki wa kwenu. Basari zilipewa watoto wa nani. Mwulizeni pia ni jambo gani la kweli aliwahi kuwaambia ambalo hamkulipenda. Asiyekuwa na jibu kwa hilo la mwisho amewabembeleza miaka mitano.

Kuna mahali pawili pa kuangalia sana. Pa kwanza ni madhabahuni. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwakataza wanasiasa kuhutubia kwenye mimbari. Agizo hilo lina faida ndogo ikiwa bahasha bado inapokelewa mlango wa nyuma, kwenye harambee ya paa au kwenye matanga. Mzee wa kanisa aliyepokea bahasha hawezi kusimama Jumatatu akauliza habari ya hesabu.

Pa pili ni mchujo. Wangari hakukikosa kiti Desemba tu. Alianza kukikosa Novemba, katika uteuzi wa chama, mahali ambapo waumini wengi huona ni uchafu na kukaa nyumbani. Katika maeneo mengi ya nchi hii, mwenye tikiti ya chama kinachopendwa amekwisha kuwa mbunge. Tunaomba kila kikundi kilichowakilishwa hapa kifanye mambo mawili kabla hatujakutana tena. Kwanza, kila mmoja ahakikishe jina lake limo katika daftari la wapiga kura, na aliye mwanachama wa chama ahakikishe chama kinamtambua. Pili, watu watatu waende katika ofisi ya eneo bunge lao, waombe orodha ya miradi yote ya miaka mitano pamoja na fedha zilizotengewa kila mradi. Katiba, kifungu cha 35, inawapa haki ya kuipata. Kisha waitembelee miradi hiyo mmoja baada ya mwingine, waandike waliyoyaona, na karatasi hiyo waje nayo hapa.